Nyanya Aliyokataa Kuichuma

Kyebando, 12 Agosti 1989

Kaka Latif,

Salaam aleikum. Mvua imechelewa, lakini nyanya ya Mama ya mashindano ilinenepa. Alikata matunda yote ya mche ule, akabakiza moja lishibe peke yake, likafikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Jirani yetu Nabwire akamtania, "Mama Latif, hiyo nyanya au boga? Zawadi ni yako!"

Siku ya mashindano ilipofika, Mama alikataa kuichuma. "Latif hajaiona," alisema.

Imeozea kwenye kikonyo. Jana nilimkuta akiifukuzia nzi.

Barua yako kutoka Khartoum, ambamo ulisema hutarudi tena, sijamsomea. Sitamsomea. Njoo umwambie mwenyewe, ukimtazama.

Dada yako aliyebaki,
Zulaikha