Maneno ya Rosaria kwenye Gazeti

Kashikishi, nyuma ya soko la samaki
Tarehe 13 Aprili 1999

Kwa Fidélie, mujukuu wangu mupendwa, chuoni Lusaka,

Nani alikutuma kuandika jina ya Rosaria? Lakini salamu kwanza, mimi sikukosa adabu kama wewe. Uko muzima? Kifua kilipona? Mimi magoti inauma, ila niko.

Uliniomba habari ya kikao chetu cha bamama, nikakupa yote. Kule Kilwa yetu ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwenye foyé, nyumba ya mafunzo ya bamama, masista walitufundisha kushona. Sisi tukishona mumoja anasoma kitabu, wengine tunabishana. Vita ikatuvusha ziwa, tukaendelea huku, tukipasua samaki. Kila mama anatoa neno lake, na likishatoka ni la sisi wote, halina jina. Hiyo ni sheria tangu foyé. Wewe ukaona ni heshima kuandika kwenye gazeti, chini ya neno, jina ya Rosaria, jirani yangu, na ya bwana yake Levy!

Mwalimu mumoja alileta gazeti ya chuo chenu sokoni, akaisoma kwa Kibemba, na sauti ya misa: “Bwana yangu ni mashua. Kila mutu alishaipanda. Mimi kazi yangu kutoa maji tu.” Batu walicheka mpaka chisense, vile visamaki vidogo, ikamwagika. Sasa Levy akipita: “We Mashua, nafasi bado iko?”

Amemufungia Rosaria ndani. Wazee wake watakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi, wanasema arudishwe kwao ng'ambo. Ng'ambo gani, Fidélie? Kwenye bunduki?

Anko wako Roger naye amenikataza kutoka. “Mama, unatuletea haya.” Mimi niliyemuzaa! Niko napasua samaki peke yangu, uso kwenye ukuta. Kitabu nikikishika mwenyewe, mustari wa pili nimechoka. Bamama wanapita njiani, wanakohoa tu, wanaenda.

Basi nimekata shauri. Maneno yale ni yangu, niliyasema juu ya babu yako. Marehemu hata mutumbwi hakuwa nao, na wanawake aliwaogopa, atanisamehe. Mimi muzee, watanirudisha wapi?

Salimia wenzako wa chuo, Hénoc na Olipa. Mungu akulinde, na kalamu yako aishike Yeye mwenyewe.

Kambo wako, nyanya yako anayekupenda na hasira yake yote,
Suzanne

Leo hii umuandikie Levy kwa mukono wako: ulikosea jina, ni Suzanne aliyesema. Mupe shofa wa basi ya Nchelenge, ifike mbele wazee hawajakaa.