Mtoto wa MaKhoza

Dada Sithembile,

Huku Johannesburg baridi imeshaingia, lakini nyanya zangu zinauzika. Mtoto wa jirani yangu MaKhoza bado namlea mimi: yeye mgongoni, wangu tumboni.

Leo MaKhoza aliniachia akaenda kuandamana. Eti serikali imefungua mipaka ovyo, na sisi Wazimbabwe tunazaa mpaka kliniki zinafurika! Alirudi sauti imemkauka kwa kuimba, nikampa chai. Akamtazama mwanawe amelala mgongoni kwangu, akainamisha macho.

“Mdogo wangu, kesho tunazuia wageni kwenye geti la kliniki. Usije. Mbele ya wenzangu, mimi sikujui.”

Dada, tangu asubuhi tumbo limeshuka na kiuno kinavuta. Niombee mtoto angoje.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Nomalanga