Chiriku Ameita

12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Kufua mashuka ya hospitali nzima si mchezo.

Mtoto wangu Chiriku anaendeleaje? Mwalimu wake ameniandikia. Anasema mashine za kusikia zikae masikioni tangu anapoamka mpaka anapolala, na asemeshwe kutwa: akioshwa, mkipika, mkitandika. Anakaribia miaka mitatu. Tukichelewa zaidi, kusema kutamwia vigumu. Nakuomba usichoke, Mama. Natamani aniite mama, nami niitike. Sitaki kingine.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi silisikilizi. Usinihimize kusema, nimeishi na marehemu baba yako, nimezoea kusema na asiyejibu!

Mashine alikuwa akizivua na kuzizika kwenye unga. Sasa nimezifunga uzi nyuma ya nguo. Nikipika namwambia: naweka maji, nakata kitunguu, kitunguu kinaniliza. Juzi niligonga sufuria nyuma yake, akageuka. Nikalia, na safari hii si kitunguu.

Mama yako

19 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tu wazima. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena.

Chiriku amesema. Ametamka “mama”, wazi kabisa. Ila alinishika gauni, akanitazama usoni, akaniita mimi. Unajua humu ndani kila mtu ananiita Mama, kaka zako, majirani, hata muuza maziwa. Naye kaokota alichosikia. Nikamwambia hapana, mimi bibi, mama yako huyu, nikamwonyesha picha yako. Akaita tena, nikakataa tena. Tangu hapo kanyamaza.

Mwalimu kanigombeza. Anasema mtoto kama huyu akiita asiitikiwe, anaona sauti yake haina kazi, anaiacha. Lakini nitaitikaje mahali pako, mwanangu? Hilo ndilo jambo pekee uliloniomba. Niambie nifanye nini.

Mama yako

10 Septemba

Mwanangu,

U mzima kweli? Hujajibu. Jana asubuhi alinivuta gauni, akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

Mama yako

16 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Mimi mzima wa mwili tu. Barua yako niliisomea chumba cha pasi, nikaunguza shuka. Nilikukasirikia, Mama, na mtoto pia nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Nilitaka kupanda gari nije. Lakini nikiiacha kazi hii, betri atanunua nani, na mwalimu atalipwa na nani?

Akikuita, itika. Usimsubirishe hata kidogo. Itika kwa sauti, mbebe, furahi aone kuwa ameita na mtu amekuja. Ile picha yangu itoe ukutani, isije ikamchanganya. Inaniuma, sitakuficha. Lakini heri asiniite mimi kuliko asimwite mtu yeyote maisha yake yote.

Nikija likizo, Mungu akipenda, atakuwa na maneno ya kukuuliza mimi ni nani. Usibabaike. Mwambie, huyu ni mwanangu. Hutakuwa umesema uongo.

Mwanao