Makelele Mlangoni Pangu

Siku ya Zohali, Machi 1

Wamekuja tena! Sijamaliza hata kufunga viatu, mlango unagongwa kwa mateke. "Mchawi we! Muuaji! Ulimlisha nini Herius?" Mume wangu kafa kwa homa, mtaa mzima ulimwona akitetemeka. Leo ni hao hao wanaoniita muuaji! Salvilla kaziba masikio, maskini mwanangu. Mama mkwe wangu, Ovia, anasokota sufu yake tu.

Siku ya Jua, Machi 2

Nimekwenda kwa wakili. Anasema kosa hili lina jina lake: convicium. Sauti nyingi zilizokusanywa pamoja, ndivyo Walatini walivyoliunda neno. Mmoja akikutukana, hiyo kesi nyingine. Hapa nimtafute aliyewakusanya, hata kama yeye hakufungua mdomo. Nisipomshtaki, hakimu ataamini uvumi, na shemeji Statius, mlezi wa Salvilla kisheria, atamchukua. Nitabaki na nani mimi?

Aliyewakusanya ni huyo huyo Statius. Nani mwingine?

Siku ya Mirihi, Machi 4

Si Statius. Plaria muoka mikate kanivuta pembeni, haya zimemjaa. "Dada, usinitaje. Bibi alizunguka nyumba kwa nyumba, nguo nyeusi, nywele kaziachia, anamlilia mwanawe. Mama mfiwa akija hivyo, utakataaje kumfuata?"

Bibi gani? Kainamisha kichwa.

Ovia. Ovia ninayemwogesha kwa mikono yangu! Nimerudi, nikamkuta anamsuka Salvilla, wanacheka. Nimshtaki mama wa marehemu? Watasema: kamuua mwana, sasa anammaliza mama. Nikinyamaza, Salvilla anakwenda. Nimekwisha!

Siku ya Zuhura, Machi 7

Kesho kwa hakimu. Wakili anataka jina, na mimi sina hata usingizi.

Nje leo kimya, hakuja hata mmoja. Nikasema afadhali, nipike kitu kizuri — uji wa ngano na jibini, anaoupenda Salvilla. Nikampakulia. Hakugusa.

"Kula, mama, unapoa."

Kamtazama bibi yake. Si mimi — bibi yake! Ovia akakivuta kijiko, akachota kwenye bakuli la mtoto, akaonja. Akameza polepole. Akangoja. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mwanangu akala.