Rama na Diski Iliyogoma Kukua

Leah, acha kila kitu usome hapa!

Rama wetu leo kaumbuka huku ghalani Jebel Ali. Seva kuukuu ya kuhifadhi mafaili ilijaa, bosi wetu sir Nabhan akamwambia aiongezee nafasi kutoka kwenye ile diski kubwa ya wote. Rama akajigamba, "Dakika tano tu, khalas, kazi kwisha!"

Kaongeza, hamna kitu. Kaongeza tena, hamna kitu. Mara TATU, Leah! Kumbe ule mfumo wa zamani hauoni nafasi mpya mpaka uuzime na kuuwasha.

Alipouwasha, mama wee! Nyongeza zote tatu zimeingia kwa mpigo, seva imemeza diski nzima, na kwa mfumo ule nafasi ikishaongezwa haipunguziki.

Sir anachekelea, "Mashallah, nimeomba kidogo umenipa tele!"

Mara madam Ashwaq wa ulinzi akaingia. "Rama, ile nafasi ya kamera zangu uliyoniahidi kwenye diski kubwa, ipo tayari?"

Rama kaitupia jicho seva. "Inshallah, madam."