Majoka, Panga na Kiti Kimoja Kati Yetu

Kwako Mama mkwe, huko Bungoma tulikokulaza,

Tangu tulipokuzika nimetazama filamu tatu, na naona ni vyema nikupe ripoti, kwa sababu hakuna mwingine anayevumilia maoni yangu. Mwanao Nekesa husema nikianza kueleza filamu ninakuwa kama mzee wa kanisa aliyepewa dakika tano za matangazo.

Ya kwanza ni ya majoka. Yametengenezwa vizuri sana, magamba yanang'aa, hata mate unayaona yakidondoka. Shida ni kwamba yanazungumza. Nakumbuka ulivyochukia joka linalozungumza. "Likishaanza kuongea si mnyama tena," ulisema, "ni jirani." Basi kubwa lao linaongea kuanzia mwanzo hadi mwisho, na linatoa ushauri wa ndoa. Ungeomba tuondoke.

Ya pili ni ya mwanajeshi mstaafu. Siku hizi wote ni wanajeshi wastaafu. Huyu anatengeneza baiskeli katika mji mdogo wenye theluji, hataki ugomvi na mtu, mpaka wahuni wanamvunjia karakana. Anapigana na wanaume kama arobaini kwenye ngazi, nao wanamngojea mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu walio kwenye foleni ya kitambulisho. Niliipenda. Sikuiamini hata kidogo, lakini niliipenda.

Ya tatu ina malkia anayechomwa mkuki kifuani. Kabla wanawe hawajamaliza kulia, mchawi anaweka jiwe la buluu juu ya kidonda, na malkia anafumbua macho. Hata gauni halina tundu. Watu ukumbini walipiga makofi. Mimi nilikaa tu.

Unajua kwa nini. Lakini kuna sehemu ya mambo haya ambayo hukuiona ikiisha, na ndiyo sababu hasa ninakuandikia.

Ulikuja kwetu Komarock kutibiwa goti. Ndivyo Nekesa alivyoniambia, nami nikaamini. Nikaanza kuhesabu milango. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala, na ukitaka kwenda chooni lazima upitie sebuleni. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kiwanda cha sabuni, kwa hiyo mchana niko nyumbani. Nekesa anafunza shule, harudi mpaka jioni. Maana yake ni kwamba mama mkwe na mkwe wake, watu wasiopaswa kusalimiana kwa mkono wala kula meza moja wala kukaa wakiangaliana, walikuwa wafungiwe pamoja kutwa nzima kwa wiki kadhaa.

Wiki ya kwanza niliteseka. Nikitaka kutoka chumbani nilikuwa nakohoa mara mbili. Nilisikia kiti kikigeuzwa, ukiangalia dirisha, halafu nikapita haraka nikitazama sakafu kama mtu aliyeangusha sindano. Wewe nawe ukitaka kwenda jikoni ulikuwa unaimba pambio. Nilijifunza mapambio yote ya kanisa lenu nikiwa nimelala kitandani.

Kilichotuokoa ni runinga. Nilikuwa na filamu kwenye flashi, zile zilizotafsiriwa na madijei wa mtaani, wanaopiga kelele juu ya sauti za waigizaji. Nekesa alikuwekea moja asubuhi, akaenda kazini. Mimi niko chumbani najaribu kulala. Nikasikia dijei akisema, "Sasa huyu msee ameshikwa, cheki vile anatetemeka!" Kisha nikasikia sauti yako, polepole, ukijisemea lakini kwa nguvu ya kutosha kupita mlangoni.

"Huyu mwenye upanga mrefu ni wa upande gani?"

Nilivuta shuka hadi kidevuni.

"Mkwe, umelala?"

"Hapana, Mama."

"Nimeuliza, mwenye upanga ni mzuri au ni adui?"

"Ni mzuri, Mama. Ila atawasaliti wenzake baadaye."

"Usiniambie ya mbele!"

Ndivyo tulivyoanza. Nilivuta stuli nikakaa nyuma ya mlango wa chumba ulioachwa wazi kidogo. Nilikuona kisogo na kitambaa chako cha kichwa, basi. Kila siku baada ya usingizi wangu mfupi, filamu moja. Uligundua haraka kwamba staringi, yule shujaa mkuu, hafi, na ukaacha kumhurumia. "Huyo mwache," ulikuwa ukisema, "atatokea tu. Niambie huyu mpishi wake, yeye ana watoto?" Uliwaulizia watu ambao waandishi wa filamu waliwasahau. Askari aliyeanguka kutoka ukutani, nani atapeleka habari kwao? Kijiji kilichochomwa na joka, msimu huo walikula nini? Mimi nilikuwa nimetazama filamu hizi tangu nikiwa kijana mtaani Mbotela na sikuwahi kuwaza msimu huo walikula nini.

Nekesa alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu mwaka uliotangulia. Wiki ya mwisho ya kliniki yako akatukatia tikiti za sinema, Jumamosi alasiri, kwenye jumba la maduka. Yeye mwenyewe alikataa kuja. Alisema ana vitabu vya kusahihisha.

Tulipofika, msichana wa tikiti alinisalimu, "Niaje, karibuni, mko wawili?" Nikamweleza tunataka viti vyenye nafasi ya kiti kimoja katikati. Alituangalia kama watu waliokosana. Ukaingia wewe kwanza, nikangoja, kisha nami nikaingia. Bisi zako ulishika wewe, zangu nikashika mimi. Nikaanza kukutafsiria kwa kunong'ona, nikitazama mbele, nawe ukitazama mbele, na taa zilipozimwa nilihisi mabega yangu yakishuka. Kwa mara ya kwanza tulikuwa watu wawili waliokaa mahali pamoja.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida. Vita vilikuwa vingi mno, na picha zilikatwakatwa hivi kwamba hujui mkono huu ni wa nani. Katikati kuna mfalme ambaye binti yake mdogo anaanguka kutoka mnarani. Anambeba mpaka kwa bibi mmoja wa msituni, bibi anachemsha majani, na mtoto anarudi.

Uliacha kutafuna. Kisha ukasema, "Wamemrudisha haraka hivyo?"

"Ni sinema, Mama."

"Hata kama. Baba yake hakupewa hata nafasi ya kukaa chini."

Nilitia bisi mdomoni. Kwenye skrini walikuwa wanapanda farasi.

"Mkwe," ukasema, kwa sauti ileile uliyoniulizia habari za mpishi. "Wa kwenu ulimlaza wapi?"

Sikuwa nimeulizwa swali hilo na mtu yeyote. Mtoto wetu aliishi siku mbili. Nekesa alikuwa wodini baada ya upasuaji, homa imempanda, hajui mchana na usiku. Nilikwenda mimi na ndugu yangu, asubuhi, na kila kitu kikaisha kabla ya saa sita. Nekesa aliporudi nyumbani akina mama wa kanisa walikuwa wamekwisha kuondoa nguo ndogo na beseni. Hakuuliza. Nami nikaona kutouliza kwake ni dawa, nisiichezee. Tukaishi hivyo zaidi ya mwaka, tukipeana chai.

Nilikujibu nikitazama farasi. Nilikuambia makaburi ya umma, ng'ambo ile ya mji, upande wa watoto. Ukiingia utaona bomba la maji, kutoka pale ni mstari wa tatu, kando ya kaburi lenye vigae vya buluu. Nilikuambia pia kwamba nimeshaenda mara nne peke yangu, nikitoka zamu.

"Mlimpa jina?"

"Karani aliniuliza jina la kuandika kwenye kibali. Nekesa hakuwa wa kuulizwa."

"Ukaandika nini?"

Hapo ndipo nilipokwama, Mama. Mkwe hatamki jina la mama mkwe. Mpaka sasa mkono wangu unasita hapa kwenye karatasi.

"Niliandika lako," nikasema.

 Joka lilichoma mji wote, ngome na daraja, na watu wa mbele yetu wakashangilia, nawe ukitazama mbele. Nilidhani nimekukosea heshima kwa namna isiyo na faini wala kondoo wa kuitengenezea. Kisha nikaona, kwa pembe ya jicho, mkono wako ukiweka bisi zako kwenye kile kiti cha katikati, ukazisukuma upande wangu.

"Mwambie mama yake," ukasema. "Mimi siwezi kumwambia. Hilo ni jukumu lako."

Nilisema ndiyo, Mama.

Sikumwambia. Nataka uisome hii kama ilivyo, bila kupakwa rangi. Nilikusindikiza stendi Jumatatu, nikasimama mbali, nikakuinulia mkono. Nilirudi nyumbani nikasema nitamwambia mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha. Nikasema shule zikifungwa. Zikafungwa, zikafunguliwa. Kila mara ulipopiga simu kumsalimu Nekesa, alikuwa akiniletea ujumbe: "Mama anauliza kama umemaliza ile filamu." Nilikuwa nikimjibu mwambie bado. Alidhani ni utani wetu.

Halafu moyo wako ukasimama shambani, alasiri moja, na hukurudishwa na mtu.

Kwenye mazishi nilikaa na wakwe wengine kule kwenye hema la nyuma, karibu na ua, kama inavyotakiwa. Sikuliona jeneza lako likifunguliwa. Shemeji yangu mkubwa alisimama kusoma wasifu wako. Alisoma ulikozaliwa, ulikobatizwa, miaka uliyouza nafaka sokoni. Akafika kwenye familia. "Ameacha wajukuu saba," akasema. Akageuza karatasi. "Na Mama aliniagiza mwenyewe nisisahau wa nane, aliyemtangulia. Nasimiyu, mtoto wa Nekesa."

Nilimwona Nekesa akigeuka. Kulikuwa na watu labda mia mbili kati yetu, na akanipata moja kwa moja.

Alikuja jioni, watu wakiosha masufuria. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mtoto wangu ana jina?"

"Ndiyo."

"Mama alikuwa anajua. Shemeji yako anajua. Kijiji kizima sasa kinajua." Alikuwa anakunja leso, anaikunjua. "Mimi niliyemzaa nimesikia kwa kipaza sauti."

"Nilidhani hutaki kuulizwa."

"Nilingoja uniambie. Nilidhani labda hospitalini hawakukupa hata mwili wa kuzika. Mwaka mzima nilidhani walimtupa, na wewe unanificha."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria mambo mengi katika zamu zangu za usiku, lakini si hilo.

Tuliporudi Komarock alilala chumba chako kwa muda mrefu. Tulisalimiana kama nilivyokuwa nikisalimiana nawe, kupitia mlango. Ni wakati huo nilipotazama zile filamu tatu nilizokusimulia, peke yangu, na labda ndiyo sababu sikuzitendea haki. Ile ya malkia nilipotoka, jua bado kali, nilimkuta Nekesa amesimama nje ya jumba la maduka na mkoba begani. Sikujua kwamba alijua nilipo.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Ilikuwa nzuri?"

"Hapana. Mtu alikufa wakamrudisha."

Aliuhamishia mkoba bega la pili. "Twende basi unionyeshe," akasema.

Tulifika makaburini kabla ya saa kumi. Bomba la maji lipo, linavuja. Kaburi lenye vigae vya buluu lipo, vigae viwili vimeng'oka. Kibao chetu kilikuwa kimeoza mpaka namba haisomeki, nami nikaogopa, kwa sekunde chache, kwamba nimemleta mahali pasipo penyewe. Nikahesabu tena kutoka bombani. Nikamwambia, ni hapa.

Nekesa aliniomba nikasimame kule bombani. Nilikwenda. Kutoka pale nilimwona amevua viatu, ameketi chini kabisa, miguu imenyooka, kama mtu aliyeketi uani kwao akichambua mboga. Alikuwa akizungumza. Sikusikia anasema nini na sikumuuliza. Ilikuwa zamu yake. Mzee mmoja alikuja kujaza debe la maji, akaniuliza kama nina mtu hapa. Nikasema ndiyo, binti yangu. Akasema pole, akajaza debe lake, akaenda zake.

Nekesa alipokuja alikuwa na majani kwenye sketi. Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Alinawa mikono bombani, akanipa mkoba wake niushike, akavaa viatu.

"Tukija tena tubebe jembe," akasema. "Nyasi zimekuwa ndefu."

Hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita, Mama. Nilitaka uisikie kutoka kwangu, japo nimechelewa. Lala salama.

Mimi mkweo,
baba Nasimiyu