Vibati vya Injini Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Kaka mpendwa,

Habari za huko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake uko salama kabisa.

Uliniagiza ile injini ndogo uliyokuwa ukiiunda nimpe jirani yetu mwalimu wa ufundi, kwa kuwa huna mpango nayo tena. Nikamwambia Baba. Kesho yake nikaikuta imefunguliwa vipande vipande juu ya gazeti.

Kumbe ilikuwa ikigonga. Pale mkono wa pistoni unaposhika kranki, ule mtaimbo unaozunguka, kuna nusu mbili za beringi, na kati yake huwekwa vibati vyembamba. Vikizidi, inagonga, vikipungua, inabana mpaka inakwama. Baba anavikata kwenye kopo la soda kwa mkasi wangu wa kushonea (nimekasirika, nakwambia wazi), kisha anavisugua juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo, maana mkasi huacha ukingo uliopinda. Nilijaribu kimoja, nikakichana. Alicheka mpaka akavua miwani.

Ila kuna jambo lilinitatiza. Kila upande aliweka vibati vitatu, wakati kimoja kinene kingetosha. Unanijua mimi na mdomo wangu, nikauliza. Akanieleza kwamba beringi hulika kadiri injini inavyofanya kazi. Ikianza kugonga tena, mtu anatoa kibati kimoja, anakaza, anaendelea.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

Hakuinua macho kwenye nati aliyokuwa akiikaza. "Mwenye injini."

Nikamsogezea nati iliyofuata.

Jana iliwaka, ikazunguka taratibu bila kugonga. Baba aliisikiliza, akaizima, akaifunika kwa shati lako la zamani. Mwalimu alipopita kuiulizia, nilimwambia kwamba mwenye injini hajamalizana nayo. Sijui kama nilimdanganya, Kaka. Niambie wewe.

Mama anakusalimu sana, na shangazi anauliza kama unakula vizuri. Baba hakutuma salamu. Amesema tu nikukumbushe kwamba spana yako ndogo iko kwenye kopo la misumari.

Mungu akutunze huko uliko, na njia ya kurudi akutunzie.

Dada yako akupendaye hata usipojibu,
Kidomo